Baba na Sufuria ya Mvua

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukwama kichwa ndani ya mali ya serikali. Tangu hapo nimezunguka sana, nimevuka mipaka kwa gari moshi, kwa ndege na mara moja ndani ya lori la vitunguu, na nimeaibika katika lugha nyingi, lakini aibu ile haijapata mpinzani.

Baba yangu alikuwa mtunza vipimo wa ofisi ya hali ya hewa. Kituo chake kilikuwa pembeni ya mtaa wetu wa Kenya, pale Lubumbashi, mahali nyumba zilipokoma: kiwanja kidogo chenye uzio wa waya, na katikati yake, juu ya kigingi, kipimo cha mvua. Kilikuwa kopo refu la zinki, lenye faneli juu na chupa ndani. Mtaa mzima ulikiita sufuria ya mvua.

Siku hiyo Baba alikuwa amekifungua, anasugua faneli kutoa mavi ya ndege na wadudu waliokaukia humo. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba ukitega sikio ndani ya sufuria utasikia mvua ya mwaka mzima inanong'ona. Niliona kutega sikio moja ni ubahili. Nikaingiza kichwa kizima.

Kuingia kuliwezekana. Kutoka, hapana. Nilisimama na kopo mabegani, nagonga uzio kama mbuzi kipofu, na wanawake wakaacha ndoo zao kwenye foleni ya bomba wakaja kuangalia. Mama Kisimba, jirani yetu, ndiye aliyeleta mawese akanimiminia shingoni. Mwanawe Kisimba, kijana wa mpira ambaye hakuna mtu mtaani asiyempenda, alicheka mpaka akashikilia waya.

"Baba Chola," alisema, "mutoto yako iko anatafuta mvula. Mumusaidie."

Chola ni mimi. Nilitoka ninanuka mawese, na kopo likatoka na mdomo uliopinda na ufa chini. Baba aliugonga mdomo ukarudi duara, akaziba ufa kwa lehemu. Kilichobaki kilikuwa kulijaribu, maana kopo linalovuja linasema uongo kuhusu mvua. Unalijaza maji, unalirudisha kwenye kigingi, unangoja uone kama litatoa jasho kwa nje. Kazi ya kawaida. Ila mvua za kwanza zilikuwa zimechelewa mwaka huo, joto lilikuwa limetukalia vichwani pamoja na moshi wa kiwanda cha shaba, na bomba la mtaa lilikuwa linadondosha tone kwa tone. Baba akapita mbele ya foleni na ndoo iliyojaa, akayamimina maji yale yote, polepole, mbele ya macho ya watu, ndani ya sufuria iliyoachama kuelekea juu.

Watu wa kwetu waliamini kwamba mtu akiipa mbingu maji kwa chombo, mbingu inashiba, na mvua haishuki mpaka yeye mwenyewe aiite. Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Baba, alikuwa mlangoni akaona yote.

"Ungefanyia mu nyumba," alimwambia. "Bantu beko na macho."

"Mama, naangalia tu kama inavuja."

"Bao banaona maji. Kuvuja habakuone."

Kesho yake Kisimba alimpigia Baba kelele kutoka kwenye foleni: "Baba Chola, fungula ile sufuria, utuachie mvula yetu." Ulikuwa utani. Baba naye alikuwa mtu wa utani, na mimi nimeurithi kwake kama wengine wanavyorithi pumu. Akanyoosha kidole juu.

"Itakuja, Kisimba. Na siku itakayokuja, utaikimbia."

Foleni ilicheka. Si wote.

Mvua ilikuja juma hilohilo, mchana, imeshuka kama gunia lililopasuka. Vijana walikuwa uwanjani na mpira wao. Wote walikimbilia ukutani, na radi ikampiga Kisimba kabla hajafika. Alikuwa anakimbia. Kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alikumbuka kidole cha Baba.

Kwetu radi ilihesabiwa kuwa kitu cha kutumwa. Na aliyeituma, walisema, hawezi kumkaribia maiti wake. Kwa hiyo kwenye kilio watu hulia huku wakiangalia nani hayupo.

Asubuhi Kambo alimzuia Baba mlangoni. "Leo usiende kwanza kwa ile sufuria. Enda kwa kilio, ukae chini, bakuone."

"Nitaenda, Mama. Nipime kwanza. Saa ya kupima ni asubuhi."

"Mvula ilisha kunyesha. Itakimbia wapi?"

Akaenda kituoni. Sijui mpaka leo kama alipelekwa na kazi au na woga. Nadhani hata yeye hakujua. Mimi nilimbebea brashi. Faneli ilikuwa imezibwa na majani na mabawa ya kumbikumbi, kigingi kimeinama. Alikinyoosha, akakanyagia udongo, akatoa uchafu kwa vidole, akapima, kisha akamwaga maji chini ya kigingi kama siku zote. Nilipoinua macho niliwaona watu waliokuwa wanaelekea kilioni, kuni vichwani, wamesimama nje ya uzio. Hakuna aliyetusalimia. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa kitenge.

Baba alirudi, akaoga, akavaa suti yake ya pekee, abakosti, akatoka. Nilimfuata kwa macho. Kwenye kona, kabla ya nyumba ya Mama Kisimba, wachezaji wenzake Kisimba walikuwa wamekaa juu ya mapipa. Walisimama. Baba alisimama pia, akaweka kola vizuri, na baada ya hapo akageuka kurudi nyumbani.

Jioni mawe yalianguka juu ya bati letu. Sufuria ya mvua iling'olewa ikapondwa. Kambo alitoka nje kuwasemesha watu aliowazalisha kwa mikono yake, na jiwe likachukua jicho lake la kushoto. Ofisi ikatuhamishia Sakania. Hakuna aliyetusindikiza stesheni.

Kule Sakania Baba alipewa sufuria nyingine, akaitunza vilevile. Lakini kila kilio kiliposikika tu, alikuwa ameshafika, amekaa chini, ndipo anauliza jina la marehemu. Sisi watoto tulimcheka. Ilipofika zamu yake, kiwanja kilijaa watu ambao hawakuweza kuniambia alikuwa mtu wa namna gani. Walijua tu kwamba alikuja kukaa nao.

Nilirudi mtaa wa Kenya nikiwa na mvi. Mama Kisimba alikuwa bado kwenye nyumba ile, amezeeka, anauza makala, yale makaa ya kupikia. Alinitambua, akanisogezea kiti. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwa miaka, katika vyumba vya kupanga vya nchi za watu: mawingu, umeme, uwanja ulio wazi. Nilidhani namletea zawadi.

"Mama, radi haitumwi na mtu," nilianza.

Aliendelea kupanga makala. "Nani alikuuliza habari ya radi?"

"Baba hakumuua Kisimba."

"Najua."

Nilibaki nimeshika hotuba yangu kama mtu aliyebeba mwavuli ndani ya nyumba. Miaka yote nilikuwa nimejifariji kwamba tulifukuzwa na ujinga wa watu, na kwamba sisi tulikuwa tunapima mvua tu. Kumbe yeye hakuwa na neno na sufuria. Nikatafuta kilichobaki cha kumtetea mzee wangu, nikakitoa.

"Lakini alikuja, Mama. Alifika mpaka ku kona. Nilimuona."

"Mi sikukuwa ku kona," alisema. "Nilikuwa mu nyumba na maiti."