Natafuta Kilabu kwa Mtoto wa Miaka Tisa

Nyumba yangu ya Chanika nimeijenga mwenyewe, kwa hela niliyotuma kutoka Uingereza, na ukitoka kwangu mpaka kituoni hutaona nyingine ya kufanana nayo. Kule nilisafisha vyoo vya uwanja wa ndege, nikapakua makontena kwenye baridi, na nikitoka kazini nasoma, mpaka nikapata stashahada ya usimamizi wa maghala. Ipo sebuleni, kwenye fremu, juu kidogo ya televisheni, ili mgeni akitazama taarifa ya habari aione na yenyewe. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ieleweke kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa kumtafutia mwanawe wenzake wa kucheza nao.

Binti yetu alizaliwa kule. Kiswahili chake alikiokota kwa mama yake na kwangu, kwa hiyo kilikuwa safi, lakini cha kizee. Juma lile tuliporudi alitoka getini, akawaambia watoto wa mtaa, "Hamjambo? Naomba ruhusa ya kujiunga nanyi." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani. Binti yangu akarudi ndani, akafunga geti, na tangu hapo akawa anawachungulia kwenye upenyo wa bawaba.

Jioni moja akaniambia, "Baba, nataka kurudi kwa mamdogo."

Mamdogo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyebaki kule na ambaye hakuwahi kuamini kwamba tuliondoka tukiwa na akili timamu. Alishasema kwenye simu: shule zikifunguliwa na mtoto bado hana furaha, atamkatia tiketi. Mke wangu hakumjibu ndiyo, lakini na hapana hakusema. Usiku huo nilikitazama chumba cha binti yangu, chenye rangi ya waridi niliyoichagua mwenyewe kwa simu, nikakiona kimefungwa, kinawekewa magunia ya mchele.

Kule tulikotoka mtoto akikosa marafiki anaandikishwa kwenye kilabu. Kipo cha kuogelea, kipo cha kuimba, kipo mpaka cha kupamba keki. Unalipa, unampeleka, unamfuata. Basi nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi la mtaa, kwa Kiswahili fasaha, bila kifupisho hata kimoja:

"Ndugu majirani, natafuta kilabu kizuri kwa binti yangu wa miaka tisa. Awe anakwenda jioni, na Jumamosi kutwa. Alishazoea tangu akiwa mdogo, sasa amekikosa anateseka. Bei si tatizo."

Kundi lilinyamaza. Kundi ambalo watu hubishana mpaka kuhusu mbwa wa nani kabweka, likanyamaza kimya. Kisha mmoja akaandika, "Braza, uko sawa?" Mwingine akaandika, "Kipo cha mnazi nyuma ya machinjio, ila watoto huwa wanafukuzwa." Nikadhani ni utani wa Dar, nikaweka kidole gumba.

Asubuhi yake akaja mjumbe wa shina letu, mama mtu mzima, amejitanda khanga kama anayekwenda msibani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuzungumze taratibu. Ni kweli unataka mtoto aingie kilabu?"

"Kweli kabisa, mama. Kule tulikokuwa watoto wote wanakwenda."

"Wote?"

"Wote. Serikali yenyewe inahimiza."

Akajishika shavu. "Na mama yake anajua?"

"Mama yake ndiye aliyekuwa analipa."

"Ya Rabi. Na wakifika huko wanapewa nini?"

"Juisi. Wale wadogo maziwa."

"Enhe, wanaanzishiwa maziwa." Akatikisa kichwa. "Na kurudi nyumbani wanarudije, mwanangu? Wanajiweza?"

"Wengine wanachoka sana, mama. Huyu wangu nilikuwa namkuta amelala chini, nambeba mpaka kwenye gari."

Mama wa watu akaanza kunong'ona dua. Hapo mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, ilibidi aliweke sinia chini, maana vikombe vilikuwa vinagongana kwa jinsi alivyokuwa anacheka.

"Baba nanihii," akasema, machozi yanamtoka, "klabu ni ya mpira. Kilabu ni cha pombe!"

Nililitafakari jambo hilo. Miaka kumi na saba ughaibuni, na lugha ya watu imegeuza herufi moja kuwa pombe za komoni na wanzuki. Nilimweleza mjumbe kwamba kwa mtu mwenye stashahada maneno yale yana asili moja, na kwamba kosa, ukilipima vizuri, ni la lugha. Akasema, "Sawa baba, ila futa." Nikafuta. Lakini ujumbe ulishapigwa picha, na tulivyosikia baadaye ulishafika Gongo la Mboto.

Sikukata tamaa. Jumamosi nikaosha gari, nikampakia binti yangu, tukaenda Msasani kwenye klabu ya kuogelea, klabu yenye herufi zake zote sahihi. Tulitoka Chanika asubuhi. Tulipofika, watoto wenzake walikuwa wanajifuta maji. Dada wa mapokezi alinitajia ada ya muhula, ada ya kujiandikisha, na bei ya kofia ya kuogelea ambayo lazima inunuliwe palepale. Nilimsikiliza bila kupepesa. Ningeweza kulipa, na nilimwambia hivyo, mara mbili, kwa sauti ambayo wazazi wengine pia waliisikia. Lakini nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesinzia kwenye kiti cha plastiki. Aliamka tulipokaribia nyumbani, akauliza, "Baba, klabu ya gari imekwisha?"

Zilibaki siku chache shule zifunguliwe. Shemeji alipiga simu akaanza kutaja bei za tiketi.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu nikiwa barazani. Kundi la watoto lilikuja getini. Mbele yao alikuwa msichana mwenye pengo, mrefu kuliko wenzake. Akagonga. Binti yangu akafungua upenyo.

"Eti wewe ndo unakunywaga?"

Mwanangu, ambaye habari za kilabu hakuzijua na kwake kunywa ni maziwa, akajibu kwa adabu, "Naam. Hunywa kila siku. Mama husisitiza."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Na hulewi?"

"Sijapata kulewa."

"Huyu noma," akasema mwenye pengo. "Rede unajua?"

"La, lakini ningependa kufundishwa."

"Basi leta soksi, mpira wetu umechakaa. Mgeni lazima aje na soksi."

Aliingia ndani mbio, akapita mbele yangu kama sipo, akatoka mbio. Sikuuliza. Baba mwenye busara hasimamishi jambo linalokwenda lenyewe.

Nilikuja kuelewa jioni, niliposimama getini kuangalia. Katikati ya njia alikuwa binti yangu, mavumbi mpaka kwenye nyusi, amechuchumaa anajaza mchanga kwenye chupa, huku wawili wanamrushia mpira kutoka pande mbili, naye anaukwepa. Mpira wenyewe ulikuwa wa buluu, na mistari ya kijani. Nikaukazia macho. Zilikuwa soksi zangu za sufu, zile nilizovaa siku ya kupokea stashahada, ambazo nilizitunza kwenye mfuko wake kabatini. Zimejazwa sponji na vitambaa, zimeshonwa mdomo.

Nilifungua kinywa niseme. Mwenye pengo akapaza sauti mtaa mzima: "Mlevi! Mlevi! Geuka nyuma!" Na binti yangu akageuka, akaruka, soksi zangu zikampita chini ya miguu.

Simu ikaita. Shemeji. Anataka jibu la tiketi, na anataka kuzungumza na mtoto.

"Hayupo," nikamwambia.

"Yuko wapi saa hizi?"

"Yuko kilabu."

"Wanalipisha?"

"Ndiyo. Na ada ya kwetu nimelipa mimi," nikasema, "kwa sufu halisi."

Nyuma yangu mtoto akapiga kelele kwamba amejaza chupa mpaka juu, na mjumbe, aliyekuwa anapita na ndoo yake, akasimama kidogo, akamtazama, akanitazama, kisha akaendelea na safari.