Mkono wa Juu wa Bi Shariffa

Bi Shariffa si tajiri, na hilo tulimalize mapema maana pale mtaani Usagara maneno hayaishi. Ni mjane wa makamo ya kuhesabiwa bibi, ana nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe na vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji. Basi. Lakini muone anavyotoa, utadhani kuna kisima cha dhahabu chini ya jiko lake.

Kila Ijumaa anapika pilau. Upawa wa kwanza, ule wenye nyama nzuri, hauingii sahani ya mtu wa nyumbani. Ni wa maskini watakaopita baada ya sala. Mabaki hatoi. Nguo kuukuu nazo hatoi mpaka azifue, azipige pasi, na kifungo kilichokatika akishone. "Kitu ninachoona haya kukivaa mimi, nimpelekee Mungu?" husema. Na msidhani hutoa kwa sauti ya asali. Hutoa huku akigomba. "Haya chukua, na hiyo kanzu kaifue. Wewe, dawa ya kifua umekunywa au umeniletea kikohozi tu?" Maskini wa Ijumaa wamemzoea. Wanasema siku Bi Shariffa asipogomba, wataenda kumwangalia kama ni mgonjwa.

Ila alikuwa na kasoro moja. Kupokea hakujui. Watu wa pwani tunafahamu kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia limau mbili, utatia chumvi. Yeye alikataza. "Vyombo vyangu virudi vitupu," alikuwa akisema, na ukimbishia anakusomea hadithi ya Mtume: mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini. Nani ataongeza neno hapo?

Aliyeumia zaidi kwa sheria hiyo ni Beatrisi, jirani wa ng'ambo ya njia, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Anold. Beatrisi ni Mlutheri, binti wa mzee aliyekuja pwani kukata mkonge, akajenga Muheza, asirudi tena kwao bara. Miaka ishirini na sita wanaishi wakitazamana milango. Alipojifungua Anold, uji wa pilipili manga ulitoka kwa Bi Shariffa. Na tangu binti wa Bi Shariffa, Bayan, aolewe Maskati, Beatrisi ndiye anayegonga dirisha lake kila asubuhi kumuuliza ameamkaje. Bi Shariffa hupenda kujibu, "Sijafa bado," lakini asikwambie mtu, alfajiri nzima hukaa anausubiri mgongo wa kile kidole kwenye dirisha.

Mwaka huu mama yake Beatrisi alifariki. Walimzika kwao Muheza, na matanga ya mjini yakakaa Usagara. Siku tatu Bi Shariffa aliwapikia waombolezaji, Waislamu na Wakristo, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Baada ya wiki kadhaa Beatrisi akaenda Muheza, akarudi na tenga la machungwa.

"Ni ya mti wa mama, Bi Shariffa," alisema. "Ule wa nyuma ya jiko, aliupanda mwenyewe. Nimeyachuma kwa mkono wangu."

"Mungu akulipe, mama," Bi Shariffa akajibu, na akalipokea tenga. Kwa mara ya kwanza, jamani, alipokea. Beatrisi akaenda zake amefurahi.

Sasa siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Maskini wamejaa mlangoni, na Bi Shariffa mawazo yake yakamtuma pale pale. Beatrisi alipotoka tena kwenda dukani, alimkuta amesimama kizingitini anagawa machungwa ya marehemu, huyu matatu, yule manne. Na wala Bi Shariffa hakujificha. Alimpungia mkono kwa furaha yote. "Mama Anold, njoo uone thawabu zako zinavyokwenda!"

Beatrisi hakwenda.

Ijumaa iliyofuata Bi Shariffa alivuka njia na hotipoti la pilau kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marahaba. Pokea, ingali moto."

"Leo hapana."

"Mmeshapika?"

"Hata tusingepika." Beatrisi alisema taratibu. "Miaka ishirini na sita nakula kwako. Nimekuletea tunda la mama yangu, hukuonja hata moja. Mimi si maskini wako wa Ijumaa, Bi Shariffa. Nilidhani mimi ni ndugu yako."

Akaurudisha mlango polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Mdogo wake Bi Shariffa, Hashil, mwenye duka la viungo, alipokuja kunywa kahawa yake ya jioni alikuta nyumba inawaka hasira. Dada anazunguka sebuleni. Amekosa nini yeye? Si amemtolea mtu sadaka, na thawabu zote ni za mwenye machungwa?

"Dada, kwani alikuletea sadaka?" Hashil akauliza. "Yule alikuletea hidaya, zawadi ya mtu na mwenzake. Mtume hidaya akiipokea, na akila. Wewe umekuwa nani hata usile?"

Bi Shariffa alimfukuza bila kahawa.

Lakini asubuhi dirisha halikugongwa. Wala Jumapili, wala Jumatatu. Alikaa kitandani na jibu lake mdomoni, hana wa kumjibu. Hasira ikamwisha, ukabaki uchungu mtupu, na ndani ya uchungu akaliona neno lenyewe: kwamba kutoa amependa, ndiyo, lakini amependa pia kusimama pale juu, wengine wakimtazama kutoka chini. Na Beatrisi hakutaka kumtazama kutoka chini. Alitaka wakae mkeka mmoja. Bi Shariffa alilia, na alilia sana, kwa sababu alimpenda yule mwanamke kama nduguye wa tumbo moja na hakuwa amempa nafasi hata siku moja ya kumpenda yeye.

Jumanne adhuhuri alivuka njia mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Mara aifiche ndani ya buibui, mara aitoe. Beatrisi alikuwa anapakua makande.

"Hodi, Mama Anold. Nimekuja kuomba chakula," alisema. "Nina njaa."

Beatrisi alimtazama sana. Kisha akavuta mkeka, akampakulia sahani iliyojaa, wakala. Sasa Bi Shariffa makande hayapendi, hajawahi kuyapenda, lakini alisafisha sahani mpaka mwisho na akaomba kuongezewa.

"Nisamehe," alisema wakinawa. "Na kama kuna chungwa la mama limebaki, nipe."

"Nilijibakishia matatu."

"Basi nipe."

Beatrisi akampa mawili, moja akabaki nalo. Ndipo akacheka na kujifuta macho kwa upande wa kanga.

Bi Shariffa alitoka ameyashika machungwa mkononi, kila mtu anaona. Mastura, muuza vitumbua wa pale kona, hakuweza kunyamaza.

"Bi Shariffa, hayo unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Nimepewa."

"Umepewa wewe? Haya, nikatie kipande na mimi."

"Nenda sokoni kanunue."

Akakaa barazani kwake mchana kweupe, akayamenya moja moja, akala yote mawili mbele ya mtaa mzima, na hakumkatia mtu hata kipande.