Waya Kifuani Mwangu, Mbele ya Korido Nzima

Aibu hii niliianzisha mwenyewe, sikatai, lakini walioikuza nawajua na nawataja: Sanga wa eksirei na wifi yangu Tumaini.

Vumbi la mashine ya mpunga kule Ubaruku, miaka na miaka, liliniharibu mapafu mpaka wafadhili wakanipeleka India nikawekewa mengine, ya mtu aliyefariki. Nyumbani tulisema nimeenda kusafishwa kifua, maana ukisema unapumulia mapafu ya marehemu, nani atakula chakula chako?

Mwaka wa pili nikaanza kukohoa na kukosa pumzi, nikaenda hospitali moja hapa Mbeya, wifi akanisindikiza (sikumwomba). Sanga akauliza, "Mama, umewahi kupasuliwa?" Nikamtazama wifi, mdomo ule, nikasema hapana, na khanga nimeikaza mpaka shingoni kufunika kovu.

Punde Sanga akatoka na picha, na badala ya kuniita pembeni akasimama katikati ya korido: "Huyu mama ana waya kifuani! Nani kamfunga waya?" Hivi ndivyo alivyosomea? Wifi akapiga yowe, "Jamani, mke wa kaka yangu karogwa!", akina mama wa kwaya waliokuja kuona wagonjwa wakanizunguka, mmoja ananikandamiza kichwa, "Toka waya! Toka!", na mimi pumzi inakata, naona kabisa nakufa huku naombewa, nikapasua sauti: "Ni za daktari! Kashonea mfupa alipoweka mapafu ya marehemu!"

Mikono ikanitoka kichwani. Halafu wifi: "Marehemu mwanamume au mwanamke?"

Pumzi sina, yeye anauliza hilo!

Daktari aliyefuata kelele akaishika picha, akaona doa jeupe upande wa kulia. Akaniambia kwa uongo wangu angeniandikia dawa za kifua kikuu, nazo zingevunja nguvu ya vidonge vinavyolinda mapafu haya, ningeyapoteza. Akanipeleka kwenye kipimo cha CT, kumbe ni fangasi. Nikalazwa wiki tatu.

Sanga hajaniomba radhi mpaka leo. Wifi ndiyo kabisa, kaeneza mtaa wetu wote wa Soweto kwamba kaka yake analala na watu wawili. Sawa. Siku hizi hospitalini, kabla sijavua blauzi, natangulia kusema: mapafu nimepewa. Na aliyenipa, simjui jina, namshukuru kila asubuhi kwa sauti, na wifi akiwa sebuleni naipandisha makusudi.