Goti Lisilochutama

Paja langu la kushoto lina chuma kuanzia katikati hadi chini ya goti. Mfupa niliozaliwa nao ulikatwa kwa sababu ya uvimbe, na sijui ulitupwa wapi. Watu huniuliza kama chuma ni kizito. Hapana. Ninachosikia ni baridi tu, na hapa Karuba, milimani, baridi si haba.

Kabla ya upasuaji kulikuwa na dawa zilizoninyonyoa nywele mpaka nyusi. Baba aliuza ng'ombe, wala si mmoja. Hakuna aliyenitajia hesabu. Nilirudi nikalikuta zizi limekuwa pana. Nilikasirika, maana aliwauza ng'ombe ili nibaki na mguu wa kuwafuata ng'ombe.

Baadaye nilikwenda Goma kupimwa. Daktari aliitazama picha ya mguu, kisha akalikunja goti langu taratibu mpaka likakoma, kama mlango uliowekewa jiwe nyuma. Alifurahi. Uvimbe haukurudi na chuma kimeshika.

"Très bien," alisema, kisha akauliza habari za ngazi. "Ma-escalier, unapanda muzuri?"

"Docteur, kule kwetu hakuna escalier. Kuko milima."

"Na milima?"

"Polepole. Kuchutama njo haiwezekane."

"Ile haitawezekana hata siku moja. Goti inafika pale, inasimama. Usianguke, na kitu isikupige pale."

Akaandika kwamba matokeo ni mazuri sana. Sikubisha. Mtu aliyeponea chupuchupu hapaswi kuleta maneno mengi. Lakini njiani, pikipiki ilipoipita Mubambiro na kuanza kupanda kuelekea nyumbani, nilikuwa nikijiuliza nani atakamua.

Maana kwetu kukamua ni kazi ya mwanamume, na hufanywa kwa kuchutama: chombo kati ya mapaja, uso karibu na ubavu wa ng'ombe. Anayekamua kila asubuhi ndiye mtu wa zizi. Baba akizeeka, huyo ndiye atakayewaangalia ng'ombe. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilipougua, ndugu yangu anayenifuata alishika nafasi yangu, na alikuwa anakamua vizuri, jambo lililoniuma kuliko kidonda.

Nilijaribu kukamua nimesimama na kuinama. Mgongo ukakataa, maziwa yakamwagika. Nikapiga goti moja, mguu wa chuma nimeunyoosha kando, ng'ombe akaukwepa. Mwishowe nikachukua kiti kidogo cha jikoni cha mama, nikakaa. Maziwa yalitoka bila shida. Majirani waliokuja kununua maziwa walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka.

"Kiti ni ya nini?" aliuliza.

"Goti haikunjike, Papa."

"Na ng'ombe ikipiga teke, utaruka namna gani? Muntu anakaa mbele ya ng'ombe sawa vile karani iko ku bureau! Toka. Ndugu yako atakamua."

Alisema kweli, ndiyo maana ilichoma. Aliyechutama huruka, aliyekaa hupigwa. Nikakirudisha kiti jikoni. Tangu hapo nikawa mtu wa kuosha bidoni, yale madumu ya maziwa, na kuchuja maziwa aliyokamua mwingine. Niliona wivu, nasema wazi, na siku moja nilimwambia mama afadhali wangeukata mguu wote, watu wasingetarajia kitu kwangu. Najua mama alimfikishia baba, kwa sababu jioni ile baba hakunitazama usoni.

Asubuhi moja, majirani wakiwa wamefika na bidoni zao, baba alitoka jikoni amebeba kile kiti. Kwanza alimfunga ng'ombe miguu ya nyuma kwa kamba, akavuta fundo mara mbili. Hakuwahi kumfunga ng'ombe mtulivu kama yule. Kwake ilikuwa ni kumtukana mnyama. Kisha akakaa kitini mbele ya wote, akaanza kukamua.

"Ee Papa, na wewe sasa unakaa?" jirani mmoja aliuliza.

"Magoti yangu imezeeka," baba akajibu bila kugeuka. "Kuanzia leo, hapa kwangu ng'ombe inafungwa kamba na muntu anakamua akikaa. Mwenye hapendi, akunywe maji."

Hakuna aliyecheka. Alipofika nusu ya chombo aliinuka, akaniita, akanikabidhi hicho chombo.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa. Machozi yalinitoka, nikayaficha ubavuni mwa ng'ombe. Ndugu yangu alichukua bidoni, akaenda kuziosha.

Mchana ule nilimkuta baba nyuma ya zizi, akimtoa ndama kupe masikioni. Alikuwa amechutama. Nilisimama nikamwangalia muda mrefu, mpaka akamaliza masikio yote mawili, akainuka bila kushika hata ugo.