Kilomita za Toronto

Siku Murugi alipoondoka, mama yake, Wakonyo, alimpa neno moja tu: "Usinipigie simu ukiwa njiani. Piga ukifika." Hata barabarani hakumsindikiza. Mtoto anayekwenda Toronto kuuguza wazee wa watu, na mama yake mwenyewe yuko Tetu na goti bovu, asindikizwe kwa furaha gani? Aliendelea kuchuma majani chai mpaka gari likapotea kwenye kona.

Lakini Ngatia, jirani anayekusanya maziwa kwa pikipiki, alipopita, Wakonyo akamuuliza huko Toronto ni mbali namna gani.

Ngatia akavuta mstari kwenye ramani ya simu yake. "Kutoka Nairobi ni kilomita elfu kumi na mbili na kitu, Mama Murugi. Ndege inakata kama mia tisa kwa saa. Ikipaa saa moja jioni, kesho saa tatu asubuhi amefika."

"Ati elfu kumi na mbili! Mimi sijapita Kerugoya."

"Unahangaika?"

"Nani anahangaika? Nimeuliza tu."

Kesho yake saa tatu ilifika, simu ikanyamaza mfukoni mwa aproni. Saa tano akapanda nayo juu ya shamba, penye mtandao mzuri. Kimya. Ndege ikianguka baharini, nani atamjulisha? Watu wa ndege wana namba yake kweli? Angeweza kupiga yeye, lakini atapigaje na ni yeye aliyekataza? Saa saba akameza kiburi, akapiga. Mteja hapatikani. Akateremka kwa Ngatia akichechemea, akamkuta anaosha mitungi ya maziwa.

"Wewe! Kilomita zako ni za uongo. Mtoto wangu hajafika."

Ngatia akafuta mikono, akaitazama tena simu. "Nilipima mstari wa hewani, Mama Murugi. Moja kwa moja."

Wakonyo akatazama ng'ambo ya bonde, kwa dadake Magdaline. Nguo zake zilionekana kwenye kamba, na ukimwita anaitika. Lakini kumfikia ni kuteremka mpaka mtoni, kuzunguka kwa daraja, na kupanda upya: asubuhi nzima imeisha. Miaka hamsini ameitembea njia hiyo, halafu akaamini mstari wa simu!

"Kwa hivyo wanazunguka?"

"Wanazunguka, tena wanabadilisha ndege. Hakukuambia anabadilishia wapi?"

Murugi alikuwa amejaribu kumweleza mara mbili, na mara zote mbili Wakonyo aliinuka akaenda kwa ng'ombe.

Simu ikalia. Namba ndefu, ngeni. Akabonyeza pasipofaa, Ngatia akambonyezea.

"Mama, niko Doha. Nimeomba mtu simu. Najua ulisema nisipige—"

"Nani alisema?"

"Wewe, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula. Ndege ya pili ilichelewa, sasa ndiyo tunaitwa."

"Imebaki kilomita ngapi?"

"Kama elfu kumi na moja."

Wakonyo akakalia mtungi mmoja. Kumbe usiku mzima na nusu ya mchana, na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

"Basi piga ukiwa huko juu."

"Huko juu simu huzimwa. Ni masaa kumi na nne hivi. Mama? Uko?"

"Niko. Nitangoja."

Simu ikakatika. Ngatia alitaka kumpa pole, akamwona amechukua kitambaa, ameinamia mtungi ambao ulikuwa umeshaoshwa, anausugua kwa nguvu. Akamwacha.