Wazungu Wanaolima

Jumatano nilikuwa kwenye duka la kurekodi kaseti hapa Shinyanga mjini, akaingia mama mmoja, mkulima wa pamba. Redio yao ilikuwa imekula kaseti waliyofanyia mazoezi, na Jumamosi kikundi chao cha ngoma ya majembe, ile ya kucheza kwa kurusha majembe, kinashindana na cha kijiji jirani.

"Nirekodie wale wazungu wanaolima," akamwambia muuzaji.

"Mama, wazungu gani hao?"

"Wanaoimba nalima, nalima!" Akainua jembe asilokuwa nalo, akalishusha, akageuza kiuno.

Muuzaji akatoa santuri ya kwanza ya bendi moja ya vijana wa Uingereza, wenye vinanda vya umeme na nywele za kusimama. Akaipiga.

"Hao hao!" Mama akapiga kigelegele.

Nilijua nikinyamaza nitajuta. "Shikamoo, mama. Samahani, hawasemi nalima. Wanasema 'in a dream', yaani wako ndotoni."

"Marahaba, mwanangu." Akasikiliza kidogo, kichwa upande, jembe lile bado liko hewani. "Sasa mtu aliyelala, mbona anapiga jembe sawasawa hivi?"

Duka zima likacheka, na wateja watatu wakajipanga nyuma yake na majembe yao ya hewa. Mdundo ule kweli unalima.

Mama akaondoka na kaseti mbili, moja ya akiba. Nami nilirekodi yangu. Nimeisikiliza mara nne nikiitafuta ile ndoto, na kila mara nawakuta wazungu wako shambani.