Kadi Mia Mbili za Daktari

Kadi zilikuwa mia mbili, nene, zenye maandishi ya dhahabu. Mjane wa Daktari, mwalimu mstaafu ambaye mtaani waliendelea kumwita hivyo miaka tisa baada ya mumewe kuzikwa, alichukua moja akaisogeza dirishani. Ofisi ya uwakili ya mwanawe wa pekee ingefunguliwa mwisho wa mwezi. Mbele ya jina la kijana palikuwa na neno Daktari.

"Hili limetoka wapi, mwanangu?"

"Kwenye cheti, mama. Si ulikiona? Daktari wa Sheria."

Alikiona. Alijua pia kilivyopatikana: miaka mitatu ng'ambo, darasani, kusoma kesi na kufanya mitihani, mpaka mtu aweze kusimama mbele ya hakimu akamtetea mteja. Kazi ya heshima. Lakini uzamivu, udaktari wa utafiti, aliujua kwa kuishi nao. Mumewe alikaa miaka saba na swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu: kwa nini mashamba ya mayatima hupotelea mikononi mwa walezi. Yeye ndiye aliyemchapia tasnifu kwa taipureta, kurasa mia nne, mara tatu, kwa kuwa wasimamizi waliirudisha mara mbili. Hata mezani mume hakuwapo. Ukimwomba chumvi, anakujibu mirathi.

"Cheti chako ni cha kuifanya kazi ya sheria," alisema. "Cha baba yako kilikuwa cha kugundua jambo jipya. Usiyachanganye."

"Nani atajua tofauti?"

"Mimi."

"Mama nawe! Neno limo kwenye cheti."

"Na jogoo ana taji kichwani. Umemsikia nani akimwita mfalme?"

Kijana alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Unataka Daktari awe mmoja tu nyumba hii. Naye alishakufa."

Neno hilo lilimchoma mama, maana lilikuwa na chembe ya ukweli. Angeweza kunyamaza, akabaki na mtu wa kumbishia hodi kila Jumapili. Lakini siku wakili mwenzake atakapomuumbua mbele ya watu, jina la baba litaburuzwa pamoja na la mwana.

"Ukizigawa hizi, mimi sitakuja."

Mwanawe alibeba boksi la kadi akatoka bila kuaga. Jumapili hakutokea, wala iliyofuata. Mama alipika cha watu wawili, akakila siku mbili.

Siku chache kabla ya ufunguzi, karani wa ofisi alileta bahasha. Ndani mlikuwa na kadi mpya, ya maandishi meusi: jina, na chini yake, Wakili.

"Kasema nini?"

"Hajasema kitu, mama. Kaniambia nikuachie tu."

Alikwenda. Alionyeshwa kiti safu ya nne, kati ya watu asiowajua. Mwanawe alipita akiwapa mkono wageni, mmoja baada ya mwingine, akamfikia.

"Hongera, wakili," mama alimwambia, akiushikilia mkono ule kidogo.

"Asante kwa kuja," alijibu kijana, akasogea kwenye kiti kilichofuata.